Steringi aliyepita Ugogo

Katikati ya mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald alivuka pori kavu la Marenga Mkali na kuingia Mvumi, nchi ya Wagogo. Alifuatana na wapagazi waliojitwika marobota ya nguo, shanga na waya, na msafara wake ulikuwa na bendera ya Marekani. Watu wa Mvumi walitoka kumtazama. Misafara ya Waarabu na Wanyamwezi walikuwa wameizoea, lakini Mzungu alikuwa bado kioja. Wakasongamana, wakapiga kelele, wakamcheka, kama watu wa mahali popote wanavyomfanyia mgeni wa ajabu. Mgeni uvumilivu ukamwishia. Akamkaba mmoja wao shingoni, akampa kipigo mbele ya wenzake.

Habari hii imeandikwa na mpigaji mwenyewe. Ni Henry Morton Stanley, na imo katika kitabu chake How I Found Livingstone, kilichotoka mwaka 1872 na kumpatia jina dunia nzima. Anaisimulia bila kuona haya. Lakini anaongeza jambo ambalo nadhani hakujua uzito wake: kwamba Wagogo walimjia juu wakihoji iweje wapigwe kama watumwa na huyu Mzungu, ilhali Mgogo ni mwungwana, hakuzoea kupigwa. Yule aliyepigwa hatukuambiwa jina lake. Hoja ya wenzake ndiyo imebaki, tena ndani ya kitabu cha aliyewadharau.

Kutoka Ipagala ninakoishi, Mvumi si mbali. Iko upande wa kusini-mashariki, katika wilaya ya Chamwino, na baada ya Mvumi msafara ule ulipita Matumbulu na Bihawana, majina ambayo leo kila dereva wa daladala wa Dodoma anayajua. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya Wamarekani na hadithi zao za mashujaa, juu ya bunduki na Biblia kuwekwa katika mkono mmoja, tusidhani tunazungumzia mambo ya ng'ambo yanayotufikia kwa televisheni tu. Hadithi hiyo ilipita hapa kwa miguu, ikala mtama wetu na kunywa maji yetu, kisha ikaenda kutuandika.

Tumwangalie kwanza mtu mwenyewe. Stanley hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, mtoto asiyetakiwa na ukoo wake, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1859 akafika New Orleans, akajitwalia jina jipya. Akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kusini, akatekwa huko Shiloh mwaka 1862, akahamia upande wa Kaskazini. Kijana aliyekosa baba akapata taifa la kumlea, na taifa hilo lilikuwa na simulizi moja kubwa la kumfundisha.

Simulizi hilo alifundishwa kwa vitendo. Mwaka 1867 gazeti la Missouri Democrat lilimtuma mbugani pamoja na jeshi la Jenerali Hancock, lililokwenda kuwatisha Wahindi Wekundu wa nyanda za magharibi. Stanley alikuwapo wakati kijiji cha Wacheyenne na Wasioux kilipoteketezwa kwa moto Kansas mwezi Aprili, wenyewe wakiwa wameshakimbia. Alikuwapo tena Oktoba mwaka huohuo huko Medicine Lodge, wakuu wa makabila walipotia saini mikataba ya kuachia ardhi yao. Miaka minne tu baadaye yuko Mvumi. Kalamu iliyoandika habari za Wacheyenne ndiyo iliyoandika habari za Wagogo, na wino haukubadilika.

Simulizi lenyewe ni la zamani kuliko Stanley. Wahamiaji Wapuritani wa Uingereza waliokwenda Massachusetts katika miaka ya 1630 walijiona kuwa Israeli mpya: wamevuka bahari kama wana wa Israeli walivyovuka, na mbele yao iko nchi ya ahadi. Ukishajiita Israeli, wenyeji unawapa nafasi gani? Wanakuwa Wakanaani. Mwaka 1845 mhariri wa New York, John O'Sullivan, aliandika waziwazi kwamba ni majaliwa ya Mungu Wamarekani kuenea bara lote. Kuanzia hapo, mwenye kupinga msafara wa wazungu kwenda magharibi hakuwa tena jirani anayetetea shamba lake, alikuwa mtu anayempinga Mungu.

Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, Colorado, Kanali John Chivington aliongoza askari kuwavamia Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wamepiga kambi wakiamini wako chini ya amani. Juu ya hema la mkuu wao, Black Kettle, ilipepea bendera ya Marekani. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na askari wakarudi Denver na vipande vya miili kuwaonyesha watu. Chivington alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Ninaandika hili nikiwa mtu wa kanisani, na nimelisoma mara nyingi bila kulizoea. Siku hiyohiyo alikuwapo Kapteni Silas Soule, ambaye aliwazuia askari wake wasifyatue hata risasi moja, kisha akatoa ushahidi dhidi ya kanali wake. Mwezi Aprili 1865 alipigwa risasi na kufa katika mtaa wa Denver. Hollywood imetengeneza mamia ya filamu za magharibi, na katika zote hizo Soule hana umaarufu wa kulingana hata na farasi wa John Wayne.

Turudi Ugogo, maana hapa ndipo simulizi lile linapoonekana uchi.

Karibu kila msafiri wa karne ya 19 aliyepita nyanda hizi alilalamikia hongo. Hongo ya siku hizo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa mtemi, unaolipwa hadharani kwa doti za nguo baada ya mazungumzo ambayo mara nyingine yalichukua siku kadhaa. Stanley anawachora watemi wa Ugogo kama wanyang'anyi walioketi njiani. Sasa fikiri kama mtu wa Dodoma. Hii ni nchi kame. Mvua inanyesha msimu mmoja, nayo haina uhakika, na visima vilivyokuwapo vilichimbwa na kutunzwa na watu wenye majina. Katika miaka hiyo maelfu ya wapagazi walipita kila mwaka kati ya Tabora na pwani, na kila mmoja alihitaji maji, mtama, mbuzi, kuni na mahali pa kulala. Mtemi ndiye aliyekuwa mwenye dhamana ya ardhi na mwenye mawe ya mvua. Kazi yake ilikuwa ya kidini kama ilivyokuwa ya kiserikali. Mgeni anayechota maji ya nchi hiyo bila kumtambua mtemi alikuwa anachota pasipo idhini ya wenye nchi wala ya wahenga wao.

Forodha ya New York ilikusanya ushuru siku zilezile, na Stanley asingethubutu kumkaba shingo karani wa forodha yake. Kwa nini Mvumi alithubutu? Kwa sababu simulizi alilokuja nalo lilimwambia kwamba huku ni nyika, na nyika haina sheria mpaka shujaa afike nayo. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Shujaa wa aina hii hawezi kuishi mahali penye sheria ya watu wengine. Lazima kwanza sheria hiyo ifutwe machoni pa msikilizaji, ushuru uitwe unyang'anyi, mtemi aitwe jambazi, na mji wenye matembe, mashamba na mahakama yake uitwe pori. Baada ya hapo kila risasi inakuwa ya haki.

Na ile nguo yenyewe aliyolipia hongo ilikuwa na hadithi yake. Tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said wa Zanzibar, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta merikani kwa wingi hata ikawa kama fedha ya njia yote ya bara. Pamba iliyofumwa kuwa merikani, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Waliporudi, wapagazi walibeba pembe za ndovu, na nyingi kati ya pembe hizo zilisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikachongwa vibao vya piano. Familia ya Kikristo iliyoketi sebuleni Boston ikiimba tenzi ilikuwa inagusa, kwa ncha za vidole, kitu kilichopita Ugogo juu ya kichwa cha mtu.

Safari ya kwanza Stanley alilipa hongo, maana alikuwa na haraka na hakuwa na nguvu ya kushinda. Safari ya pili mambo yalibadilika. Januari 1875, baada ya kupita Ugogo akielekea kaskazini, aligombana na Wanyaturu mahali alipopaita Vinyata, katika eneo la Singida ya leo. Mpagazi wake mgonjwa aliuawa, mapigano yakazuka, akapoteza watu wasiopungua 20, naye akachoma vijiji. Miezi michache baadaye, katika kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria, wenyeji walimnyang'anya makasia akaponea chupuchupu. Agosti akarudi na jeshi la mitumbwi, akasimama mbali na ufukwe ambako mikuki na mawe havifiki, akaamuru watu wapigwe risasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka habari hiyo magazetini. Wako Waingereza waliochukizwa na kupiga kelele, na heshima yao wapewe. Lakini kati ya Vinyata na Bumbire ndipo alipoandika kutoka kwa Kabaka Mutesa barua yake maarufu ya kuwaita wamisionari Buganda. Shirika la wamisionari la CMS (Church Missionary Society) likaitikia, na Mpwapwa ikawa moja ya vituo vyake njiani. Ninaamini wamisionari wengi walikuja kwa moyo safi. Shule na hospitali za Mvumi zinashuhudia. Hata hivyo mtu aliyewafungulia mlango alikuwa ameshika Biblia katika msimu uleule alioshika bunduki, na hakuona kwamba kuna mgongano wowote.

Aliyemfuata alikuwa mbaya zaidi. Juni 1890 Carl Peters, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alipita Ugogo akitokea Uganda. Wagogo walipodai hongo aliwajibu kwa risasi. Katika kitabu chake mwenyewe anasimulia jinsi wajumbe wa mtemi Makenge walivyokuja kutafuta amani naye akaamuru kijiji kiporwe, nyumba zichomwe, na kisichoungua kivunjwe. Ng'ombe walitekwa kwa mamia. Huyu ndiye aliyeitwa Mkono wa Damu, aliyefukuzwa utumishi mwaka 1897 baada ya kashfa ya kuwanyonga watu Kilimanjaro. Mwaka 1937 Hitler akamsafisha, na mwaka 1941 Ujerumani ya Kinazi ikamtengenezea filamu, mwigizaji maarufu Hans Albers akiwa steringi.

Stanley alikuwa ameshapata yake. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akicheza nafasi ya mwandishi. Filamu hiyo haianzii Afrika. Inaanzia kwa Wahindi Wekundu wa Wyoming, kisha inamleta shujaa huku, na wimbo wa kanisani unaowaita Wakristo askari wanaoandamana unasikika ndani yake. Watengenezaji walielewa vizuri kwamba Wyoming na Ugogo, katika simulizi lao, ni nchi moja.

Sisi huku tumekulia katika filamu za namna hiyo. Vibanda umiza vya miaka ya nyuma, mabenchi ya mbao na moshi wa sigara, Rambo na komando wake, kisha kanda na diski za kutafsiriwa ambazo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alizipa sauti ya Kiswahili akaongeza chumvi na pilipili zake. Siku hizi mtu anakwenda dukani na flashi. Jioni moja hapa Ipagala nilimkuta mtoto wa shule ya msingi, sare bado mwilini, kaiweka flashi juu ya kaunta na kutaka muvi ya vita. Muuzaji akamuuliza ipi. Akajibu: yoyote, ila steringi asife. Muuzaji akacheka, "Steringi hafi, mdogo wangu." Akachomeka flashi kwenye kompyuta. Kwenye skrini, mwanamume mmoja mwenye msalaba shingoni alikuwa akifyeka kijiji kizima cha watu wenye vilemba, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa wakianguka aliyepewa jina au neno la kusema. Mtoto alikuwa anahesabu kwa sauti.

Sidai kwamba mtoto huyo atageuka muuaji. Wengi wetu tuliangalia na hatukuua. Ninachodai ni kwamba alikuwa amekaa upande ambao si wake. Katika muvi ile babu yake ni mmoja wa wanaoanguka.

Huko Marekani hadithi haijaisha. Tarehe 29 Desemba 1890, miezi sita baada ya Peters kupita Ugogo, jeshi la Marekani liliwaua Walakota wapatao 250 au zaidi huko Wounded Knee, na askari karibu 20 wakapewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote. Wajukuu wa waliouawa wameomba kwa miaka mingi nishani hizo zifutwe. Septemba 2025 Waziri wa Ulinzi, Pete Hegseth, alitangaza kwamba zitabaki. Waziri huyohuyo aliwahi kuandika kitabu alichokiita American Crusade, yaani vita vya msalaba vya Kimarekani, na kifuani amejichora msalaba wa Yerusalemu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba darubini za bunduki zilizotumiwa na askari wa Marekani Iraki na Afghanistani zilikuwa na namba za mistari ya Agano Jipya zilizochongwa na kiwanda cha Trijicon. Hebu waza: askari anafumba jicho moja kulenga mtu, na pembeni ya jicho lililo wazi iko Injili ya Yohana. Na tarehe 6 Januari 2021 waliovamia Bunge la Washington walibeba misalaba na mabango ya Yesu, na waliofika ukumbi wa Seneti wakasimama kusali.

Nasi tujiangalie bila kujipendelea. Tarehe 7 Agosti 1998 watu waliodai kumtumikia Mungu walilipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi, wakaua 11 kwetu na zaidi ya 200 Kenya, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Marekani ikajibu kwa makombora, moja ya shabaha ikiwa kiwanda cha dawa mjini Khartoum. Kila upande ulikuwa na steringi wake, na waliokufa Dar walikuwa wale wasio na majina kwenye muvi. Hata mashujaa wetu halisi wana upande wa pili. Mkwawa wa Wahehe tunamheshimu, na ushindi wake dhidi ya Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 ni haki yetu kuusimulia kwa fahari. Lakini kwa Mgogo wa zama zile, Mhehe aliyekuja usiku kuteka ng'ombe hakuwa mkombozi. Taifa linaloweza kusema yote mawili kwa pumzi moja halihitaji kumwabudu mtu yeyote mwenye silaha. Nadhani wimbo wetu wa taifa ulitusaidia kidogo hapa: unamwomba Mungu aibariki Afrika kabla ya kuitaja Tanzania, na haumwambii mahali popote kwamba sisi ni bora kuliko jirani. Hiyo ni tofauti kubwa, na inafaa kulindwa wakati huu ambapo wahubiri kutoka Marekani wanatuhubiria kwa satelaiti na simu, wakati mwingine wakichanganya Injili na bendera yao hata msikilizaji asijue kimoja kinaishia wapi.

Tangu mitaala mipya ya mwaka 2023 shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Dodoma ni makao makuu, na Ipagala inajengwa kila siku na watu waliohamia kutoka mikoa yote, wengi wao hawajui wanajenga juu ya historia gani. Ombi langu kwa walimu wa somo hilo, na kwa maofisa elimu wa jiji hili, ni jepesi kutekeleza. Wapelekeni wanafunzi Mvumi. Wasomeeni ukurasa wa Stanley, kwa Kiswahili, wote, pamoja na sehemu ile ambapo Wagogo wanasema wao ni waungwana. Wasomeeni na ule wa Peters. Kisha waacheni waulize wao wenyewe mtemi alikuwa anadai nini, na kwa nini kisima kilihitaji kulipiwa. Wazee wenye kuweza kuwajibu kwa Kigogo bado wapo, na si wengi.